Mama ana kisukari na anakunywa mwarobaini: je, aache vidonge?

SWALI: Mama yangu ana miaka 67 na amekuwa na kisukari kwa miaka tisa. Anatumia metformini ya miligramu 500 asubuhi na jioni, na glibenklamaidi ya miligramu 5 asubuhi. Tangu mwezi uliopita anachemsha majani ya mwarobaini, anakunywa kikombe kimoja asubuhi kabla ya kula na kingine usiku. Kwenye uji anatia unga wa mlonge. Sukari yake ya asubuhi ilikuwa inasoma 11, sasa inasoma 5, siku nyingine 4. Anasema haoni tena haja ya dawa za hospitali. Ila kuna siku, kwenye saa nne hivi, anatokwa jasho na kutetemeka. Sisi tunadhani ni presha. Shangazi naye ameshauri mjukuu wa miezi minane apewe mafuta ya mwarobaini kwa ajili ya minyoo. Tufanyeje? (Msomaji, Muheza)

JIBU: Naanza na mtoto, kwa sababu yeye hana muda wa kusubiri maelezo marefu. Msimpe mafuta hayo, hata tone la kulambisha. Mafuta yanayokamuliwa kwenye mbegu za mwarobaini si kitu kimoja na chai ya majani yake. Mapema miaka ya 1980 madaktari wa Malaysia walieleza kuhusu watoto wachanga waliopewa mafuta haya kama dawa ya nyumbani. Ndani ya saa chache walianza kutapika, wakalegea, wakapumua haraka na kwa kina, kisha wakapata degedege. Ini na ubongo vilikuwa vimedhurika, na wapo waliokufa. Kilichotosha kufanya hayo kilikuwa vijiko vichache vya chai, kwa wengine kijiko kimoja tu.

Mtoto wa miezi minane hapewi dawa ya minyoo kwa mazoea. Albendazoli huanza kutolewa akitimiza mwaka mmoja: miligramu 200 kwa mara moja mpaka afike miaka miwili, kisha miligramu 400. Tumbo likimjaa au akikataa kula, apelekwe kliniki akapimwe. Na ikiwa kuna mtu ameshampa mafuta, msimtapishe. Mpelekeni hospitali sasa hivi, na chupa ya mafuta muichukue.

Tuje kwa mama. Jasho na kutetemeka saa nne asubuhi, kwa mtu aliyemeza glibenklamaidi saa moja, ni sukari kushuka mpaka kipimo kithibitishe vinginevyo. Kidonge hicho hulilazimisha kongosho kutoa insulini, iwe mgonjwa amekula au hajala, na nguvu yake hufika kileleni baada ya saa mbili hadi nne. Hesabu inaangukia palepale. Ongeza kikombe cha mwarobaini tumboni kabla ya chakula, tena kitu kichungu ambacho wengi kinawakata hamu ya kula, na uji unaobaki nusu bakuli.

Siku hali hiyo ikija tena, mpimeni papo hapo, msisubiri ipite. Ikisoma chini ya 4.0, apewe sukari inayofyonzwa haraka: vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu glasi kubwa ya soda ya kawaida, isiwe ile isiyo na sukari. Chokoleti au maziwa havifai kwa kuanzia, mafuta yake huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Mpimeni tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado iko chini ya 4.0, rudieni. Ikishapanda, ale chakula cha kushiba kidogo, ndizi na mkate au ugali, kwa sababu ile sukari ya kwanza haikai. Kama hamna mashine karibu, mpeni tu sukari. Kosa la kumpa sukari mtu ambaye kumbe ilikuwa presha ni dogo sana ukilinganisha na kosa la kumwacha.

Akizimia au akishindwa kumeza, msimtie kitu chochote mdomoni. Mlazeni kwa ubavu, mpelekeni hospitali. Na hata akiamka vizuri baada ya kushuka vibaya, aangaliwe hospitali kwa siku nzima: glibenklamaidi hukaa mwilini muda mrefu, hasa kwa mzee au mwenye figo dhaifu, na sukari hushuka mara ya pili wakati watu wameshatulia. Kama anatumia pia dawa ya presha ya aina ya atenololi au propranololi, mjue kwamba dawa hizo huficha kutetemeka na moyo kwenda mbio. Dalili inayobaki kwa kawaida ni jasho, na huenda akawa mkali au akachanganya maneno.

Kwa hiyo, aache vidonge? Hapana. Cha kuachwa leo ni mwarobaini, maana kuuacha hakuna madhara yoyote. Metformini iendelee. Glibenklamaidi ndiyo yenye mjadala, na mjadala huo mkaufanye kwa daktari wiki hii, si mwezi ujao. Asubuhi yoyote atakayosoma chini ya 4.0 kabla ya kumeza dawa, mtibuni kwanza kama nilivyoeleza, asimeze glibenklamaidi siku hiyo, na mwende kliniki siku hiyohiyo.

Hata bila mwarobaini kidonge hicho kinatia shaka kwa umri wake. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inaweka gliklazaidi katika kundi hilo la vidonge vinavyolazimisha kongosho kutoa insulini, na kusema wazi kwamba glibenklamaidi haiwafai waliozidi miaka 60, kwa sababu hii hii ya kushusha sukari kupita kiasi. Muulizeni daktari kama anaweza kubadilishiwa. Ni swali halali, wala si kumkosea heshima.

Sasa, mwarobaini wenyewe unafanya kazi? Mama hajadanganyika kabisa. Kwenye wanyama wa maabara majani yameshusha sukari mara nyingi. Kwa binadamu ushahidi ni mwembamba zaidi, lakini upo: India walifanya jaribio la wiki 12 kwa wagonjwa wa kisukari waliokuwa tayari kwenye metformini, wakawapa dondoo ya majani na vijiti vya mwarobaini ya miligramu 125, 250 au 500 mara mbili kwa siku, na sukari ilipungua kuliko kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Soma hapo kwa makini. Dondoo ile ilipimwa, ilikuwa ileile kila siku, na wagonjwa walikuwa chini ya uangalizi. Vidonge vyao havikuachwa. Hakuna chochote katika jaribio hilo kinachosema kikombe cha majani yaliyochemshwa kinashika nafasi ya dawa.

Wengi hudhani hatari ya mitishamba ni kwamba haifanyi kazi. Kwa mama yako ni kinyume: ni kwamba huenda unafanya kazi, juu ya kidonge kinachofanya kazi ileile, kwa dozi ambayo hakuna mtu nyumbani anayeijua. Kiganja chake leo kina majani machanga mekundu, kesho yaliyokomaa. Leo ni mabichi, kesho yamenyauka na kupoteza maji, kwa hiyo kiganja kilekile kimebeba majani mengi zaidi. Jumatatu sufuria ilichemka dakika tano, Jumanne ilisahauliwa nusu saa. Kidonge cha miligramu 5 ni miligramu 5 kila siku, na daktari alikipanga akidhani hakuna kingine kinachovuta upande uleule.

Tatizo la dozi hukata pande zote mbili. Pakanga ya Kichina, Artemisia annua, ndiyo chanzo cha artemisinini iliyomo kwenye dawa mseto za malaria, na Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa ugunduzi huo. Lakini artemisinini haiyeyuki vizuri kwenye maji. Chai ya lita moja iliyotengenezwa kwa gramu 9 za majani makavu ilipimwa ikakutwa na takriban miligramu 94, pungufu sana ya dozi ya kutibu. Mgonjwa anapata nafuu, vimelea vinabaki, homa inarudi, na vimelea vilivyobaki vinajifunza kuizoea dawa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani haliungi mkono chai hiyo kwa malaria. Mmea ni halisi na dawa ni halisi, ila kikombe hakifikishi kiasi.

Mwambie mama jambo hili pia, huenda likamlainisha: metformini anayoidharau ina asili ya mmea. Ulaya walitumia zamani jani la galega kwa watu wenye kiu na mkojo mwingi. Kiini chake, galejini, kilishusha sukari kweli, lakini kilikuwa sumu. Mifugo ilikufa kwa kula galega malishoni. Wanakemia wakatafuta ndugu zake wasio na ukali huo. Metformini ilitengenezwa Dublin mwaka 1922, na daktari Jean Sterne wa Paris akaripoti matumizi yake kwa wagonjwa mwaka 1957. Safari ya kutoka kwenye jani lile hadi kidonge anachokimeza ilihusu kupunguza sumu na kujua kiasi.

Kuna jambo moja zaidi kwenye simulizi yako linalonisumbua kuliko mwarobaini. Sukari ya mwenye kisukari cha miaka tisa ikianza kushuka yenyewe, usikimbilie kushangilia. Figo ndizo zinazosaidia kuondoa insulini mwilini, na mabaki ya glibenklamaidi hutoka kwa njia hiyo pia. Zikichoka, vyote viwili hukaa muda mrefu na sukari hushuka. Familia husema amepona, kumbe figo zinakwenda. Kwa hiyo aombe kipimo cha kreatinini na protini kwenye mkojo. Matokeo hayo yataamua pia kama metformini iendelee kwa kiasi hicho, maana figo zikishuka sana metformini husimamishwa. Mwangalie pia kama amepungua uzito au anakula kidogo kuliko zamani.

Ili kujua ni nini kilichoshusha sukari, fanyeni hivi. Asitishe mwarobaini na unga wa mlonge kwa wiki mbili, chakula kibaki kama kilivyo. Kwenye daftari andikeni kipimo cha asubuhi kabla ya kula, kipimo cha saa mbili baada ya chakula cha mchana, na kila anapohisi vibaya. Andikeni saa, dawa aliyomeza, na alichokula. Sukari ikipanda tena kuelekea 11, majani yalikuwa yanavuta kweli, na daktari ana taarifa ya kupangia dawa upya. Ikibaki 5, sababu iko kwingine. Kipimo cha HbA1c, kile cha wastani wa miezi mitatu, hakitasaidia sana sasa, kwa sababu mwezi mmoja wa mwarobaini umechanganyika ndani na miwili ya kabla. Kifanywe baadaye. Na kwa umri wake daktari huenda akaridhika na HbA1c ya asilimia 7.5 au hata 8. Kumfukuza mzee mpaka kwenye 6 ndiko kunakozalisha majasho ya saa nne.

Mlonge ni hadithi nyepesi zaidi. Majani yake ni mboga, na kijiko kimoja hadi viwili vya chai vya unga kwenye uji ni chakula zaidi kuliko dawa. Nao unaweza kushusha sukari kidogo, ndiyo maana nimesema usitishwe wakati wa kupima. Baada ya wiki mbili unaweza kurudi, kijiko kilekile kila siku. Ila majani tu. Mizizi na magome ya mizizi yana alkaloidi zenye sumu, na mjamzito asiyaguse kabisa. Anayetumia warfarini ya kuyeyusha damu amweleze daktari, kwa sababu majani yana vitamini K nyingi inayopingana na dawa hiyo.

Ikitokea daktari amekubali mwarobaini urudi baada ya dawa kupangwa upya, kwanza hakikisheni mti. Ndugu yake, mmelia, hupandwa kwa kivuli na maua, na matunda yake ni sumu kwa watoto na kwa nguruwe. Chukueni jani zima mkononi. Jani la mwarobaini lina kikonyo kimoja kirefu, na vijani vimepangwa kushoto na kulia mara moja tu. Kila kijani kimepinda kama mundu, kingo zina meno, na upande mmoja wa shina lake ni mpana kuliko mwingine. Jani la mmelia limegawanyika mara mbili: kikonyo kikuu kina vikonyo vidogo, na vijani viko kwenye hivyo vidogo. Maua ya mwarobaini ni meupe, ya mmelia ni ya zambarau. Matunda ya mmelia hubaki yakining'inia mtini hata majani yakishapukutika.

Msichume kando ya barabara kuu, wala karibu na shamba linalopulizwa dawa au na dampo. Osheni, kaushieni kivulini juu ya chekeche au kitambaa safi, tabaka jembamba, mpaka jani livunjike likikunjwa. Likipinda bila kuvunjika bado lina maji, na litaota ukungu ndani ya kopo. Lenye ukungu litupwe lote, kuchemsha hakuondoi sumu ya ukungu. Kwa kuwa mizani ya jikoni haipimi vizuri gramu moja au mbili, pimeni gramu 20 za majani makavu na mgawe mafungu kumi yanayolingana. Fungu moja, kikombe kimoja cha maji yaliyochemka, dakika kumi kikiwa kimefunikwa, kisha chujeni. Gramu 2 za kila fungu si dozi iliyothibitishwa na mtu, maana kwa chai ya majani hakuna dozi iliyothibitishwa. Faida yake ni kwamba haibadilikibadiliki, kwa hiyo vipimo vya daftari vitakuwa na maana. Anywe mara moja kwa siku baada ya chakula. Kile kikombe cha usiku kisirudi kamwe: sukari ikishuka saa nane za usiku, hakuna anayeliona jasho. Chai ya jana imwagwe.

Wapo ambao hawapaswi kuitumia hata kwa mpangilio huo. Mjamzito na anayetafuta ujauzito, kwa kuwa kwa wanyama mwarobaini umezuia na kuharibu mimba. Mtoto mdogo. Mwenye ugonjwa wa ini au figo. Anayejiandaa kwa upasuaji aache wiki mbili kabla. Macho au mkojo ukibadilika rangi, tumbo likiuma upande wa juu kulia, au miguu ikivimba, aache siku hiyo na akapimwe ini na figo.

Kama mama hufunga Ramadhani, mazungumzo na daktari yaanze mwezi mmoja au miwili kabla. Glibenklamaidi ya asubuhi pamoja na saa kumi na tatu bila chakula, kwa mtu wa miaka 67 ambaye tayari anashuka, ni hatari kubwa. Mwarobaini wa daku juu yake ni zaidi. Kupima kidoleni hakuvunji saumu kwa rai ya wanazuoni wengi. Ikisoma chini ya 3.9 au zaidi ya 16, afungue hapohapo.

Mwisho kuna wauzaji. Akikatishwa tamaa na majani, kuna mtu atamletea unga wa kopo au vidonge vya kijani vinavyoponya kisukari. Unga unaoshusha sukari kutoka 15 hadi 6 kwa siku mbili haunipi matumaini, unanipa shaka kwamba umetiwa kidonge cha hospitali kilichosagwa. Singapore mwaka 2008 watu zaidi ya 100 wasio na kisukari walilazwa sukari ikiwa imeshuka vibaya. Wengi walikuwa wametumia dawa za nguvu za kiume, na ndani yake ikakutwa glibenklamaidi, kidonge kilekile cha mama; baadhi yao walikufa. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002 na Baraza lililoundwa kwayo, kwa hiyo mganga na dawa vyote viwili vinapaswa kuwa na namba ya usajili. Iombeni. Asiye nayo, au anayewaambia mgonjwa aache vidonge kwanza ndipo dawa yake ifanye kazi, msirudi kwake. Wakati wa kikombe cha Samunge, Loliondo, mwaka 2011, watu walipomiminika kunywa dawa ya mitishamba ya Mchungaji Ambilikile Masapila, shilingi 500 za kikombe zenyewe hazikuwa tatizo. Walioumia ni waliorudi nyumbani wakaweka dawa zao pembeni.

Siku ya kliniki bebeni daftari, maboksi ya dawa zote pamoja na za presha, na tawi bichi la ule mti lenye jani zima. Mama aseme mwenyewe anachokunywa, kiasi gani na tangu lini. Ikiwa muuguzi atafoka, na wapo wanaofoka, ombeni kumwona daktari au mfamasia, na msiondoke kabla ya kupewa jibu la maandishi kuhusu mambo mawili: glibenklamaidi ibaki, ipunguzwe au ibadilishwe, na siku ya kurudi kwa kipimo cha figo.